Ugonjwa wa umeme uliokuwa wa maji: uchambuzi wa kisa cha Suzuki SV650 ya zamani

Mnunuzi wa kisa hiki simpi jina, maana ni wengi. Nimechukua mambo yanayowapata watu wenye Suzuki SV650 za kizazi cha kwanza nikayaweka yote juu ya pikipiki moja, ili tuyafuate hatua kwa hatua tangu siku ya kununua mpaka siku ya kupona. Tuseme pikipiki yenyewe ni ya mwaka 2001: haina maganda ya plastiki, taa yake ya mbele ni ya duara, injini iko wazi unaiona yote. Imeshapita mikono kadhaa. Mnunuzi anatafuta chombo cha kumpeleka kazini na kumrudisha kila siku, chenye nguvu ya kulipita lori bila kuanza kusoma dua, na kisichomkausha mfuko.

Muuzaji hakumzungusha. "Kaka, nikufiche nini. Chombo ni kizima, ila kina ugonjwa wa umeme. Mvua ikinyesha kinaanza kumisi. Mafundi wawili wamekigusa, wameshindwa." Kisha akataja bei ambayo mtu hawezi kuisikia akaondoka bila kugeuka nyuma.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kunivutia, kwa sababu maneno "ugonjwa wa umeme" yamezishusha bei pikipiki nyingi nzuri. Mtu akiambiwa cheni imekwisha, anajua atalipa nini. Akiambiwa umeme, anaona shimo lisilo na mwisho. Ukweli ni kwamba muuzaji huyu alikuwa ameshatoa nusu ya jibu katika sentensi moja, bila yeye mwenyewe kujua: mvua, na kumisi. Hakusema kuzima, wala kwamba taa zinafifia. Alisema kumisi, yaani injini kurukaruka mapigo.

Kabla ya kufika kwenye ugonjwa, tuitazame pikipiki, kwa sababu umbo lake ndilo lililoleta ugonjwa huo.

Suzuki waliitoa SV650 mwaka 1999. Injini ni ya V, silinda mbili zilizoachana kwa nyuzi 90, cc 645, inapozwa kwa maji, valvu nne kwa kila silinda. Kipenyo cha silinda ni milimita 81 na pistoni inasafiri milimita 62.6, yaani silinda pana na mwendo mfupi, umbo la injini inayopenda kuzunguka. Ikifika karibu na mizunguko 9,000 kwa dakika, inatoa nguvu za farasi 70 hivi. Ajabu yake ni kwamba hata chini, kwenye mizunguko 3,000 au 4,000, inavuta bila kunung'unika, na hilo ndilo mtu wa kila siku analolihitaji: kupenya kwenye foleni bila kubadilisha gia kila sekunde. Uzito mkavu ni kilo 165, fremu ni ya alumini, rimu ni za inchi 17 mbele na nyuma. Ilikuwa na ndugu yake, SV650S, yenye gamba la mbele na usukani wa chini unaokulaza juu ya tangi. Kwa safari za kila siku usiifikirie sana hiyo. Baada ya nusu saa ya foleni viganja vitakueleza kwa nini.

Pembe ile ya nyuzi 90 ndiyo sababu injini hii haitetemeshi meno. Silinda mbili zikiachana kwa pembe hiyo, msukosuko mkubwa wa pistoni moja unafutwa na wa mwenzake, kwa hiyo hapakuhitajika shafti ya ziada ya kutuliza mtetemo. Lakini pembe hiyo ina gharama. Ukiiweka injini ya namna hii kwenye pikipiki, silinda ya nyuma inasimama chini ya tangi, imefunikwa vizuri, na ya mbele inalala kuelekea gurudumu. Kichwa chake, pamoja na shimo la plagi (kile kifaa cha kutoa cheche), kinabaki nyuma ya tairi la mbele, chini ya rejeta inayopoza maji ya injini, mahali ambapo kila tone la maji na kila punje ya mchanga inayorushwa na tairi inapita. Waliounda injini walilijua hilo, wakatoboa tundu dogo ubavuni mwa kichwa cha silinda ili maji yakiingia kwenye kisima cha plagi yapate pa kutokea. Tundu lenyewe ni jembamba. Waya mwembamba unapita, kidole hakiingii.

Mnunuzi wetu alilipa, akapanda, akaondoka. Jua lilikuwa linawaka. Kwa muda pikipiki ilimpa kila alichokitaka, akaanza kuamini kwamba muuzaji alikuwa mwoga tu.

Kisha ikanyesha. Alipotoka nyumbani pikipiki ilikuwa sawa. Baada ya mwendo wa robo saa kwenye barabara iliyojaa maji, mlio ukabadilika. Badala ya ule muungurumo wa mapigo mawili yaliyopishana, kukabaki pigo moja zito, tuk-tuk-tuk, kama injini ya kusaga. Pikipiki ikaendelea kwenda, ila ukivuta moto haijibu, inakwenda kwa kubembelezwa. Kwenye taa za barabarani ikawa inataka kuzima, ikabidi aishike na mkono wa moto. Kwenye bomba la moshi ikawa inapasua kidogo kila alipoachia, na akisimama harufu ya petroli mbichi inampanda puani. Alifika. Asubuhi yake ikawaka kwa shida, ikaenda vibaya mpaka injini ikapata joto kamili, halafu katikati ya safari, pasipo mtu kugusa kitu, silinda ya pili ikarudi na kila kitu kikawa kama zamani.

Kule kupona kwenyewe ndiko kulikowashinda mafundi wale wawili. Ukiupeleka ugonjwa unaokuja na mvua kwa fundi, unaupeleka baada ya mvua. Fundi anawasha, injini inanguruma vizuri, na sasa anatakiwa kutibu kitu ambacho hakipo mbele yake. Afanye nini? Anabadilisha vitu. Wa kwanza aliweka betri mpya na plagi mpya. Hapo kuna jambo la kuangalia kwa makini, kwa sababu kwenye pikipiki hii maneno "nimebadilisha plagi" yanaweza kuwa nusu kweli. Plagi ya nyuma unaifikia ukinyanyua tangi. Ya mbele inataka rejeta ifunguliwe na kusogezwa mbele, na mkono uingie kwenye nafasi ambayo haikuumbwa kwa mkono wa mtu mzima. Fundi mwenye haraka anabadilisha ya nyuma, anaitazama ya mbele kwa mbali, na siku inapita.

Wa pili aliamua ni kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. SV650 za mwaka 1999 hadi 2002 zina kabureta mbili, na kabureta ni mahali pa kutupia lawama kwa kila fundi, kwa sababu mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Alizishusha, akazisafisha, akasawazisha mvuto wake. Kazi nzuri, na pengine pikipiki iliihitaji. Siku za jua zikafuata, mwenye mali akarudi kushukuru. Mvua ikarudi nayo, na pesa ya kabureta ikaonekana imekwenda bure.

Nisieleweke vibaya: mafundi wale hawakuwa wajinga. Kila walichobadilisha kinaweza kusababisha kumisi. Tatizo ni kwamba walianzia kwenye orodha ya vipuri, na ugonjwa wa namna hii unasomeka kwenye tabia yake. Unaanza lini? Unaisha lini? Unagusa silinda moja au zote? Maswali hayo matatu hayahitaji hata spana.

Tuyapitie kwa namna mnunuzi alivyoyapitia, safari hii akiwa mwenyewe.

Moja au zote? Ile sauti ya pigo moja ilimwambia ni moja, lakini sauti inadanganya, na kuna njia ya uhakika zaidi. Akiwa na injini iliyotoka kuwashwa baridi, siku ya ugonjwa, alichukua chupa ya maji akadondosha tone kwenye bomba la moshi la kila silinda, karibu na pale linapotokea kwenye kichwa. Bomba la nyuma: tone liliruka na kuyeyuka likitoa sauti ya kukaanga. Bomba la mbele: tone likatambaa chini taratibu, likaning'inia, likadondoka likiwa bado maji. Silinda ya mbele haikuwa inachoma kitu. (Usijaribu kwa kiganja. Bomba zuri linafika joto la kuunguza ndani ya dakika moja.)

Jibu hilo moja linafuta mtuhumiwa baada ya mtuhumiwa. Betri inalisha silinda zote mbili. Ikichoka, zinachoka zote. Swichi ya stendi ya pembeni, ambayo maji nayo huipenda, inakata moto wote na injini inazima kabisa. Petroli yenye maji inasumbua kabureta zote, na haisubiri mvua. Swichi ya funguo, fyuzi kuu, petroli kushindwa kushuka: zote hizo ni za injini nzima. Kilichobaki ni vitu ambavyo silinda ya mbele inavyo peke yake, navyo ni vichache: koili yake inayokuza umeme wa cheche, waya wake, kofia ya plagi, plagi yenyewe, na upande wake wa kabureta.

Kulikuwa na mtuhumiwa mmoja mwenye akili zaidi, nao ni ubaridi ndani ya kabureta. Petroli ikifuka inanyonya joto, na hewa ikiwa na unyevu na baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, barafu inaweza kuota kooni mwa kabureta na injini ikakosa pumzi. Dalili zinafanana sana na za kisa chetu: siku mbaya za hewa, pikipiki inakufakufa, halafu inapona yenyewe. Tofauti iko kwenye muda. Barafu ya kabureta huyeyuka ukisimama dakika chache tu, kwa sababu joto la injini linapanda kwenye kabureta. Ugonjwa wa mnunuzi wetu ulikuwa unalala nao hadi kesho yake. Halafu barafu haihitaji maji barabarani, inahitaji hewa mbichi tu.

Kilichomaliza ubishi ni siku ambayo hapakuwa na mvua kabisa. Jua kali, hewa kavu, akaiosha pikipiki kwa mpira wa maji yenye kasi, akauelekeza mbele kwenye rejeta ili kutoa wadudu na matope. Akawasha. Tuk-tuk-tuk.

Hapo hali ya hewa yote ikatoka kwenye kesi. Hakuna baridi, hakuna unyevu wa angani, hakuna wingu. Kuna maji yaliyoingia mahali fulani mbele ya injini na kugoma kutoka. Koili inaweza kuwa na ufa unaovujisha umeme ikilowa, na waya pia, kwa hiyo bado haikuwa haki kuhukumu. Lakini mahali pa kwanza pa kufungua sasa palijulikana.

Alilegeza boliti za rejeta, akaisogeza mbele kadiri mipira ya maji ilivyoruhusu bila kuifungua. Nyuma yake, kichwa cha silinda kilikuwa kimevaa koti la matope makavu. Kofia ya plagi ilikuwa imekaa kwenye kisima chake na sili yake ya mpira imekakamaa. Alipoivuta ikatoka na mlio wa kizibo. Maji yakafuata. Hayakuwa mengi, kama vijiko viwili vya chai, rangi ya chai ya maziwa, na chini yake udongo laini umekaa kuzunguka plagi. Plagi yenyewe, kwenye ile sehemu nyeupe ya kaure, ilikuwa na michirizi ya kahawia iliyoshuka kutoka juu mpaka kwenye chuma. Kila mchirizi ni barabara ambayo umeme umekuwa ukipita.

Na hiyo ndiyo sababu yenyewe. Koili inatengeneza volti zinazohesabika kwa maelfu, mara nyingi zaidi ya 10,000, ili cheche iruke kwenye uwazi wa plagi ndani ya silinda, chini ya mgandamizo. Umeme wa namna hiyo hauna subira. Unatafuta njia rahisi ya kufika kwenye chuma cha injini. Kisima kikiwa kikavu, njia ya nje ya kaure ni ngumu, cheche inaruka ndani inakotakiwa. Kikijaa maji machafu ya barabarani, yenye chumvi na vumbi la chuma, njia ya nje inakuwa rahisi kuliko ya ndani. Umeme unatelemka nje ya plagi, petroli inaingia na kutoka bila kuwaka, nawe unasikia pigo moja. Injini ikikaa na joto muda mrefu, maji yanafuka kidogo kidogo kupitia kwenye sili, na siku ya pili silinda inafufuka. Kilichobaki ni chumvi na michirizi, kwa hiyo mvua inayofuata inahitaji maji machache zaidi kuleta ugonjwa uleule. Ndiyo maana wenye pikipiki hizi wengi husema tatizo "linazidi kukua".

Tundu la kutolea maji? Lilikuwepo, limezibwa kwa udongo mgumu kama simenti, ukiangalia kwa haraka usingejua kuna tundu.

Sasa matengenezo, na hapa ningependa mtu asikimbie, kwa sababu kosa dogo linageuza kazi ya bure kuwa kazi ya kushusha kichwa cha silinda. Usifungue plagi kisima kikiwa na uchafu. Ule mchanga unangoja plagi itoke ili uanguke ndani ya silinda, ukakae kati ya pistoni na ukuta wake. Mnunuzi alianza na tundu: waya mwembamba, akausukuma na kuuzungusha taratibu kutoka nje, mpaka ukaingia kisimani na udongo ukaanza kumwagika. Akapuliza kwa upepo wa kompresa kutoka kwenye kisima, macho yakiwa na miwani, maana kila kitu kinarudi usoni. Akamimina maji safi kidogo, akatazama yakitoka yote kwa tundu lile. Akakausha, akapuliza tena. Hapo tu ndipo akashika plagi.

Plagi ya zamani ilitoka kwa mlio wa kukwaruza. Mpya ikawa ya aina ileile inayotakiwa kwenye injini hii, NGK CR8E, uwazi wa milimita 0.7 hadi 0.8. Akaianza kwa vidole, kwa kutumia kipande cha mpira kama mkono mrefu, mpaka nyuzi zikashika zenyewe. Nyuzi za kichwa cha alumini zikiharibika hazisamehi. Plagi hii ni nyembamba, ya milimita 10, na inakazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 10 hadi 12 tu. Mtu aliyezoea plagi nene za pikipiki kubwa ataivuta kupita kiasi kabla hajatambua. Kofia ya plagi akaibadilisha pia, si kwa sababu ilikuwa imepasuka bali kwa sababu sili yake ilishakuwa kama ganda. Pembezoni mwa mpira akapaka grisi ya silikoni, ile isiyopitisha umeme, ili maji yasipate pa kujipenyeza. Koili na waya hakuvigusa.

Kisha akaiosha tena kwa mpira uleule, mahali palepale, kwa makusudi. Silinda zote mbili zikanguruma. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio la kweli, na watu wengi hulisahau: ukishatibu, uite ugonjwa tena kwa njia uliyoujua. Kama huwezi kuuita, hujajua kama umeutibu au umeondoka wenyewe.

Jambo jingine alilolifanya baada ya hapo mara nyingi huachwa. Alinusa oili. Silinda iliyokufa inapokea petroli kama kawaida, na isipowaka sehemu yake inatelemka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kuingia kwenye tangi la oili chini ya injini. Oili ilikuwa na harufu na imepanda kidogo juu ya alama. Akaimwaga, akaweka mpya ya 10W-40 na chujio jipya. Pikipiki iliyotembea na ugonjwa huu misimu kadhaa bila mtu kugusa oili ningeitazama kwa jicho la pili kabla ya kuinunua.

Kinga ni ya bei rahisi mno ukilinganisha na pesa iliyokwenda kwa betri na kabureta. Madigadi ya mbele ya pikipiki hii ni fupi kwa nyuma, kwa hiyo tairi linarusha moja kwa moja kwenye silinda. Kipande cha plastiki kinachoirefusha sentimita chache kwenda chini kinabadilisha mambo kabisa. Wengine hufunga kipande cha mpira chini ya rejeta. Kinafaa, ilimradi kisizibe njia ya hewa ya kupoza. Na kila pikipiki ikioshwa, waya upite kwenye lile tundu. Mpira wa maji yenye kasi usielekezwe tena upande wa mbele wa injini, hata ukiwa na hasira na wadudu kiasi gani.

Turudi kwenye bei, maana ndiyo iliyomleta mnunuzi. Je, alipata au alibahatika? Nadhani alipata, lakini kwa sababu moja tu: mengine aliyaangalia kabla ya kulipa. Ugonjwa wa umeme ulimshtua asilale usingizi, ila haukumfumba macho. Aliweka testa ya kupima volti kwenye betri injini ikiwa imezimwa, akapata volti 12.6. Akawasha, akapandisha mizunguko hadi 5,000, zikapanda hadi 14 na kitu. Maana yake jenereta na rekitifaya (inayoutengeneza umeme wa jenereta uweze kuchaji betri) zinafanya kazi. Kama zingebaki 12 na kitu, au zingepita 15 na nusu, mazungumzo ya bei yangekuwa mengine. Alisoma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa matairi, mbili za wiki na mbili za mwaka, akakuta la nyuma lina umri wa kuwa mwanafunzi; akalikata kwenye bei. Aliuliza lini valvu zilipimwa uwazi, kwa sababu SV650 inataka zikaguliwe kila kilomita 24,000. Muuzaji akakuna kichwa, na hilo pia likakatwa kwenye bei.

Shokapu za mbele zilimtia wasiwasi, na hapo nakubaliana naye ila si kwa sababu aliyoifikiria. Alidhani zimechoka kwa umri. Kwa kweli za SV650 zilikuwa laini tangu kiwandani, hazina pa kurekebisha kasi ya kurudi, na ukishika breki ya mbele kwa nguvu pua inazama. Hapo ndipo Suzuki walipopunguza gharama ili pikipiki iwe ya bei ya watu. Kwa mwendo wa kila siku zinavumilika. Mtu mzito, au anayependa kona, aweke springi ngumu zaidi na oili mpya. Ni kazi inayolipa kuliko bomba la moshi la kelele ambalo wengi hulinunua kwanza.

Watu huuliza kama si afadhali kununua ya mwaka 2003 na kuendelea, yenye mfumo wa kunyunyizia petroli kwa sindano badala ya kabureta. Kwa kuwaka asubuhi ya baridi, ndiyo, ni bora. Fremu pia ilibadilika mwaka huo, na mwaka 2007 kila silinda ikapewa plagi mbili. Lakini silinda ya mbele haikuhama. Bado imelala nyuma ya tairi, na kisima chake bado kinahitaji tundu lililo wazi. Anayenunua ya sindano kwa kudhani amekimbia kisa hiki, hajakimbia kitu. Tena kwenye zile zenye kataliti (kifaa cha kusafisha moshi) ndani ya bomba la moshi kuna hasara ya ziada: petroli isiyowaka inakwenda kuwakia humo, na kataliti haidumu na joto la namna hiyo.

Kuna SV650 yenye "ugonjwa wa umeme" ambayo nisingeigusa hata kwa nusu ya bei hii. Ni ile ambayo inazima siku kavu, silinda zote kwa pamoja, taa zinafifia kabla haijazima, na ukifungua kiti unakuta waya kwenye kiunganishi cha rekitifaya umegeuka kahawia na plastiki imeyeyuka pembeni. Hapo hakuna tundu la kuzibua. Kuna mfumo wa chaji uliochemka, pengine na waya za ndani ya jenereta zilizoungua, na kuna uwezekano mkubwa wenye mali kabla yako waliunganisha waya kienyeji kila mmoja kwa rangi aliyokuwa nayo. Muuzaji wa pikipiki hiyo naye atasema ni umeme tu. Mwulize swali lilelile: inasumbua mvua ikinyesha, au wakati wowote? Akijibu "wakati wowote", mshukuru, mrudishie funguo zake.